"Dada, Mpishe Mwenzio": Dhana Potofu Kuhusu Wanawake na Gemu

Kibanda nilichojifunzia gemu kilikuwa Mwanjelwa, Mbeya, nyuma ya wauza mitumba: runinga mbili, benchi moja, na kitenge kikuukuu mlangoni cha kuzuia mwanga. Nilikuwa naingia kwa mgongo wa kaka yangu. Siku ya kwanza niliposhika pedi ya kuchezea peke yangu, mwenye kibanda aliniambia, "Dada, mpishe mwenzio, utaua mashine." Nilikuwa nimelipa kama wengine. Kauli za aina hiyo nimeendelea kuzisikia Mbeya na Iringa, nyingine kutoka kwa watu ninaowapenda.

"Gemu ni za wanaume, ndivyo zilivyoanza."

Mwaka 1980 Mmarekani Roberta Williams alitunga *Mystery House*, mojawapo ya gemu za kwanza za visa kuweka picha kwenye kompyuta ya nyumbani. Mwaka uliofuata Dona Bailey alishirikiana na Ed Logg kutengeneza *Centipede* katika kampuni ya Atari. Mwaka 1982 ikatoka *River Raid*, ile ya ndege inayoruka juu ya mto ikilipua madaraja. Aliyeitengeneza ni Carol Shaw. Walikuwa wachache, lakini walikuwepo msingi ulipokuwa unachimbwa.

Na leo, kwa Marekani, karibu nusu ya wanaocheza gemu ni wanawake. Ukisema hivyo kijiweni utajibiwa, "Hizo ni za kwenye simu, si gemu." Hapo ndipo ninapokasirika. Mama anayepanga peremende kwenye simu akisubiri gari Uyole anacheza, anahesabu, anashindwa, anarudia. Kwa nini anachocheza yeye ndicho kisichohesabiwa?

Tuliyaanza haya kabla ya umeme. Bao lilikuwa la wanaume chini ya mti. Rede na mdako vikawa vya wasichana uani. Kete za bao hazijawahi kumkataa mwanamke. Kilichogawanywa ni kiti, na muda. Saa kumi na moja jioni, kibanda kinapochangamka, kaka yangu alikuwa benchi na mimi nilikuwa bombani na ndoo. Kisha watu wakasema wasichana hawana mwamko wa gemu.

"Ni mchezo tu, hakuna cha kuchambua."

Katika *Donkey Kong* ya 1981, seremala anapanda ngazi kumwokoa Pauline. Katika *Super Mario Bros.* ya 1985, anayeokolewa ni binti mfalme. Gemu moja ya namna hiyo haina neno. Zikiwa mamia, msichana anazoea kujiona kama mzigo unaosubiri kubebwa.

Mfano unaoniumiza zaidi ni *Metroid* ya 1986, kwa sababu nusu yake naipenda. Mchezaji anapambana gemu nzima na shujaa aliyevaa deraya, na akiimaliza kwa muda mfupi shujaa anavua kofia: ni mwanamke, Samus Aran. Mshtuko mzuri sana kwa mwaka ule. Lakini kadiri unavyomaliza haraka, ndivyo anavyozidi kuvuliwa nguo. Humo humo amefanywa shujaa, na humo humo amefanywa zawadi ya mchezaji. Mtu asiyechambua ataona upande mmoja tu.

"Wanaokosoa wanachukia gemu."

Anita Sarkeesian, aliyechangisha fedha mwaka 2012 kutengeneza mfululizo wa video kuhusu taswira ya wanawake katika gemu, alisema waziwazi kwamba mtu anaweza kufurahia kitu na bado akakikosoa. Malipo yake yalikuwa vitisho. Oktoba 2014 alifuta mhadhara katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah baada ya mtu kutishia kufanya mauaji ya halaiki. Kosa lake lilikuwa kuuliza kwa nini wanawake ndani ya gemu wanachorwa vile. Na ukosoaji huzaa matunda: *Tomb Raider* ya 2013 iliandikwa na Rhianna Pratchett, na Lara Croft wake, shujaa wa gemu hiyo, anaogopa, anaumia na anaamua kama mtu mzima.

"Timu za wanawake kwenye gemu za mpira ni kulazimisha."

Ziliingia katika *FIFA 16*, mwaka 2015, timu 12 za taifa. Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana wa Tanzania, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022. Nani amelazimisha nini?

"GTA inageuza watoto kuwa wauaji."

GTA ni *Grand Theft Auto*, gemu ya uhalifu wa mjini. Hapa nawatetea wacheza gemu. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilieleza mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kufunganisha gemu za mapigano na ukatili halisi, ingawa kuna uhusiano mdogo na ukali kama kufoka na kusukumana. Hofu yangu ni nyingine. Gemu hiyo imewekewa alama ya miaka 18, na ndani yake unaweza kumlipa mwanamke, kumpiga, kisha kuchukua pesa yako. Nimemwona mtoto wa miaka kama kumi akifanya hivyo huku benchi zima likicheka. Kicheko kile kinanisumbua kuliko damu ya kwenye skrini.

"Matusi ni utamu wa gemu."

Utamu wa nani? Ukiyarusha mtandaoni, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kukuhusu.

"Gemu ya bure haina gharama."

Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba baadhi ya visanduku vya bahati vinavyouzwa ndani ya gemu, unavyolipia bila kujua kilichomo, ni kamari. Kwetu mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi michezo ya kubahatisha. Mzazi anayemfukuza mtoto kwenye madubwi, zile mashine za kamari, akague na simu.

Binti wa kaka yangu sasa ana miaka 12 na anacheza kwenye kibanda kimoja Kihesa, Iringa. Nilikwenda kumwona mwenye kibanda, kijana msikivu. Ameondoa pazia na kubandika karatasi ukutani: *Ukitukana, acha pedi.* Jumamosi asubuhi, baridi ya Juni ikiwa imewabana, niliwakuta wasichana wanne benchi, masweta hadi vidoleni, wakigombea zamu. "Shangazi," binti akaniambia bila kugeuka, "subiri, bado dakika tatu."