Je, wajua kwa nini komandoo asiyeogopa risasi hawezi kulala?

Steringi wa picha za mapigano mara nyingi ni mwanajeshi wa zamani. Anaishi peke yake mbali na watu, anakunywa kupita kiasi, simu hapokei. Usiku anazinduka usingizini akitiririkwa na jasho. Kesho yake wanamjia watu kumi wenye bunduki, naye anawamaliza bila hata mkono kumtetemeka. Kisha anatokea mtoto yatima, au shahidi anayewindwa, na huyu mtu aliyekwisha kujikatia tamaa anainuka kwenda kumwokoa, hata kama ni kwa kufa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba hadithi ya namna hii ina ufa kwenye msingi. Mtu asiyetishwa na risasi atatishwaje na ndoto? Nilidhani watunzi wamechukua watu wawili, mwoga na shujaa, wakawavisha ngozi moja ili picha inoge. Nilikosea. Kosa lenyewe linastahili kuchambuliwa taratibu, kwa sababu halikuwa langu peke yangu. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, hata waganga wa akili walilibeba.

Kosa ni hili: kudhani kwamba jeraha la vita moyoni ni hofu, basi. Mwaka 1915 daktari wa Uingereza Charles Myers aliandika kuhusu askari waliopoteza kumbukumbu, kuona na kunusa baada ya makombora kulipuka karibu nao. Hali hiyo ikaitwa mshtuko wa kombora, na wengi wakaamini kwamba ni mtikisiko wa mlipuko uliovuruga ubongo. Lakini wapo walioshikwa na hali ileile bila kombora lolote kuanguka jirani. Basi kama si kombora, ikasemwa, ni woga. Na woga jeshini ulikuwa na adhabu yake. Mwaka 2006 Uingereza iliwasamehe askari 306 waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe katika Vita vya Kwanza vya Dunia kwa makosa kama utoro na woga. Msamaha uliwakuta kaburini.

Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilikiingiza kiwewe cha baada ya maafa (PTSD), yaani mateso ya akili yanayobaki baada ya tukio la kutisha, katika mwongozo wake wa magonjwa. Ilikuwa hatua kubwa, ila tazama kilipowekwa: katika kundi la magonjwa ya wasiwasi. Toleo la 1994 likaongeza sharti kwamba mgonjwa awe alihisi hofu kali, kukosa msaada au kutishika sana wakati tukio linatokea. Sasa mfikirie komandoo wetu. Amefunzwa kwa miezi na miaka ili wakati wa tukio asihisi chochote kati ya hivyo, afanye kazi tu. Kwa kipimo kile hakuwa mgonjwa, hata kama tangu siku ile hajalala usiku mzima. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2013, kiwewe kikatolewa kwenye kundi la wasiwasi, na hatia na aibu zikatajwa waziwazi miongoni mwa dalili. Kwa hiyo mimi niliyeshangaa mbele ya skrini nilikuwa nikiuliza swali la mwongozo uliokwisha kusahihishwa.

Kinachomsumbua steringi huyu kina jina lake: jeraha la kimaadili. Daktari Jonathan Shay, aliyewatibu wapiganaji wa vita vya Vietnam mjini Boston, ndiye aliyelitia nguvu wazo hilo katika miaka ya 1990. Kwake, kiini kilikuwa usaliti: mwenye mamlaka halali anapokiuka haki katika jambo la kufa na kupona. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Brett Litz na wenzake waliupanua mlango, wakahesabu pia alilolitenda mtu mwenyewe, aliloshindwa kulizuia na aliloliona likitendeka. Nilipojua hayo nilielewa jambo jingine ambalo zamani nililiona kuwa uvivu wa watunzi: kwa nini mara nyingi adui mkuu, mwisho wa picha, hugeuka kuwa kamanda wake wa zamani. Steringi anabeba maana zote mbili kwa pamoja. Alitekeleza amri, akalipua nyumba yenye watu, na aliyemwamuru alimdanganya.

Sasa, hofu na hatia zinatofautiana vipi hata moja ipoe na nyingine igome? Lugha yetu ina methali mbili zinazolieleza jambo hili kwa usahihi unaonifurahisha kila nikizikumbuka.

Ya kwanza: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hiyo ndiyo hofu. Ubongo umejifunza kwamba kitu fulani huja na hatari, na sasa unabashiri hatari kila kitu hicho, au chochote kinachofanana nacho, kinapotokea. Fataki inalia, mwili unajibu kana kwamba ni bunduki. Utabiri huu ni wa haraka kuliko fikra, lakini una udhaifu mmoja mzuri: unaweza kukanushwa. Mpitishe mtu kwenye unyasi mara ya kwanza, ya kumi, ya thelathini, na kila mara unyasi ubaki unyasi. Kumbukumbu ya nyoka haifutiki, ila inajengeka nyingine juu yake inayosema hapa ni salama. Tiba zinazomrudisha mgonjwa hatua kwa hatua kwenye kile anachokikwepa zimesimama juu ya kanuni hiyo, na zina ushahidi mzuri.

Ya pili: dawa ya deni kulipa. Hiyo ndiyo hatia. Mdaiwa habashiri chochote. Anajua. Umkalishe mahali salama mwaka mzima, deni halipungui hata senti, kwa sababu usalama haukuwa swali lake. Ukimpitisha kwenye kumbukumbu ile mara thelathini, mara zote thelathini ataikuta nyumba ileile imelipuliwa, na waliokuwamo ni walewale. Hakuna cha kukanusha, maana hakuna utabiri uliokosea. Kuna hukumu ambayo mtu ameitoa juu ya nafsi yake, naye ndiye shahidi, mwendesha mashtaka na hakimu. Ndiyo maana nafsi humsuta zaidi anapokuwa salama. Akiwa katikati ya risasi ana kazi ya kufanya. Akilala kitandani, kesi inaanza kusikilizwa.

Kwa hiyo steringi si watu wawili katika ngozi moja. Mafunzo yaliizima hofu. Dhamiri haikuguswa.

Nisizidishe mambo. Kiwewe na jeraha la kimaadili mara nyingi hukaa katika mtu mmoja, na mpaka kati yao si ukuta wa mawe. Jeraha la kimaadili bado halijatambuliwa kama ugonjwa unaojitegemea, na vipimo vyake vinatofautiana kati ya mtafiti na mtafiti. Tena wapiganaji walio wengi hawapati kiwewe: utafiti mkubwa uliofanyiwa wanajeshi wa Marekani wa vita vya Vietnam, uliotolewa mwaka 1988, ulikuta takriban 15 katika kila wanaume 100 waliotumikia vitani bado wanacho. Na anayesutwa na nafsi yuko katika hatari ya kujidhuru mwenyewe, jambo ambalo picha zinazomwonyesha kama bomu linalosubiri kulipukia wengine hulificha.

Ila shauku ya kulipa ni ya kweli, na ina historia ya ajabu. Mwaka 1066 jeshi la William, mtawala wa Normandy, lilishinda vita vya Hastings na kuitwaa Uingereza. Miaka michache baadaye maaskofu waliwapangia washindi hao kitubio, agizo likathibitishwa na mjumbe wa Papa, Ermenfrid, askofu wa Sion. Aliyejua ameua atubu mwaka mmoja kwa kila mtu aliyemuua. Aliyejeruhi na asijue kama majeruhi alikufa, siku 40 kwa kila mmoja. Aliyetamani kujeruhi asifanikiwe, siku tatu. Wapiga mishale, ambao hawawezi kujua mshale wa nani ulimpata nani, kwaresima tatu. Asiyejua hesabu yake kabisa, siku moja kila wiki maisha yake yote, au ajenge kanisa. Hawa walikuwa washindi wa vita ambavyo upande wao uliviita vya haki, na bado kuna mtu aliyekaa akahesabu wanadaiwa kiasi gani. Kila nikiisoma orodha hiyo, navutwa zaidi na wale wapiga mishale. Kuna mtu alifikiria mateso ya kutojua, akayawekea kipimo.

Humo ndimo picha za mapigano hupatia nusu. Zinajua kwamba mdaiwa lazima atende; kupumzika hakumtoshi. Lakini zinamlipisha kwa kuua watu arobaini zaidi, yaani zinamkopesha tena kwenye daftari lilelile.

Tiba ambayo Litz na wenzake waliitunga kwa ajili ya wanamaji wa Marekani inakwenda njia nyingine. Mbele ya mtaalamu, askari anamwazia mtu anayemheshimu na asiyemtakia mabaya, kana kwamba yuko naye chumbani. Anamweleza kwa sauti alichokifanya, chote, bila kujitetea. Kisha anaulizwa: yeye angekujibu nini? Jibu hilo analitamka askari mwenyewe, kwa kinywa chake, na baada ya hapo kunapangwa la kufanya kwa walio hai.

Kwenye picha, mahali pa mazungumzo hayo ni ile dakika moja kabla ya vita vya mwisho, steringi anapoketi na yule mtoto gizani na kumweleza, kwa mara ya kwanza, kilichotokea ndani ya ile nyumba. Zamani nilikuwa naisogeza mbele ili niwahi mapigano.