Je, wajua? Mfupi kwenye kikapu, jitu kwenye futiboli ya Kimarekani

Drafti ya NFL ya mwaka 2003, yaani zoezi la timu za ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani kuchagua wachezaji wapya, iliita majina 262. Jina la Antonio Gates halikuwemo, wala hakuna aliyeshangaa: kijana huyu wa Detroit hakuwa amecheza hata mechi moja ya futiboli ya Kimarekani chuoni. Pale Kent State alikuwa mchezaji wa kikapu, na mwaka 2002 aliisaidia timu hiyo kufika nane bora ya mashindano ya vyuo ya taifa. Lakini alipostaafu alikuwa amedaka tachidauni 116 (mabao ya kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani), nyingi kuliko taiti endi mwingine yeyote katika historia ya ligi. Iliwezekanaje?

Tuanze na kazi yenyewe. Taiti endi husimama pembeni mwa ukuta wa miamba wanaomlinda kwotabeki, yule mrushaji wa mipira. Mara hii anasukumana kifua kwa kifua na wapinzani ili mwenzake apenye na mpira. Mara inayofuata anachomoka kwenda kudaka. Anatakiwa awe na mwili wa mbeba magunia na mikono ya golikipa.

Gates ana urefu wa mita 1.93. Kwenye kikapu alicheza chini ya ringi, nafasi ambayo NBA huwapa watu waliopita mita 2. Huko alionekana mfupi. Mwili huohuo, wenye kilo 115 hivi, ukiupeleka kwenye futiboli unamtesa kila anayepewa kazi ya kuukaba: mabeki wenye mbio za kumfuata ni wadogo mno kwake, na wenye misuli ya kumkabili hawana mbio zake. Kwangu mimi hiyo ndiyo nusu ya jibu.

Nusu nyingine ni ribaundi, ule mpira wa kikapu unaorudi baada ya kukosa ringi. Aliyewahi kuigombea anajua kwamba anayeruka juu zaidi si lazima aupate mpira. Anayeupata ni yule aliyewahi kumwekea mwenzake mgongo, akatanua miguu, akamfungia nje, kisha akaruka kwa wakati wake. Gates alifanya vivyo hivyo karibu na mstari wa goli. Hakuhitaji kumwacha beki kwa mbio. Alimweka mgongoni tu, na kwotabeki Philip Rivers akautuma mpira mahali ambapo mikono ya beki haifiki. Tachidauni 89 kati ya zile 116 zilitoka kwa Rivers.

Hata hivyo, kikapu peke yake hakikutosha. Gates alicheza futiboli sekondari, na kabla ya Kent alipita Michigan State, akaondoka kwa kuwa kocha Nick Saban alimtaka aache kikapu. San Diego Chargers walipomsajili, msimu wa kwanza alidaka mipira 24 tu. Msimu wa pili akafunga tachidauni 13, rekodi ya taiti endi kwa wakati huo.

Hakuwa wa kwanza kuvuka, wala wa mwisho. Tony Gonzalez alicheza michezo yote miwili Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na akifunga alishangilia kwa kuudanki mpira juu ya mwamba wa goli. Jimmy Graham, zao la kikapu la Chuo Kikuu cha Miami, naye alishangilia hivyo, hadi Novemba 2013 danki yake ikapindisha goli kule Atlanta na mechi ikasimama mafundi walinyooshe. Mwaka uliofuata NFL ikapiga marufuku danki hizo.

Gates alicheza misimu 16, yote Chargers, akivumilia maumivu ya nyayo yaliyomsumbua kwa miaka, na hakushinda Super Bowl, fainali ya NFL, hata mara moja. Mwaka 2025 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Umashuhuri wa futiboli huko Canton, Ohio. Kutoka hapo hadi Kent, alikokuwa akigombea ribaundi, ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari.