Nani hasa hununua visanamu vya vita

Watu wanaotaka kutoa mchezo wao wa vita wa mezani hunijia na maswali ya sheria. Jeshi liwe na pointi ngapi, yaani jumla ya thamani ambayo sheria hukipa kila kikosi, dadu zirushwe mara ngapi, zamu zipishane vipi. Ni nadra mtu kuniuliza nani atanunua, kwa kuwa anaona jibu linajulikana: mchezo hununuliwa na wachezaji. Kazi yangu ni kubuni visanamu na kuandika sheria zake, na oda nyingi nazifunga kwa mikono yangu mwenyewe huku nikisoma ujumbe wa kila mteja. Kwa niliyoyaona, jibu hilo si sahihi. Wanunuzi walio wengi hawachezi, au hucheza mara moja moja sana, na biashara yote imebebwa na migongo yao.

Tuanze na kitu chenyewe. Ukifungua sanduku unakuta fremu za plastiki ya kijivu, viungo vimeshikana nazo kama matunda kwenye vikonyo: vichwa, mikono, bunduki, mikoba. Unakata kwa koleo dogo, unakwangua kovu la plastiki kwa kisu, unagandisha kwa gundi, unapuliza rangi ya msingi, halafu unaanza kupaka kwa brashi yenye ncha nyembamba kama kope. Kisanamu kimoja cha milimita 28 kinaweza kula jioni nzima ukikipa haki yake. Jeshi lenye visanamu 60 ni jioni 60. Ukimaliza ndipo mchezo unapoanza: meza, vilima na magofu ya kuigiza, futi ya kupimia, dadu, na mtu wa pili ambaye naye amemaliza jeshi lake na ana nafasi siku ileile uliyo na nafasi wewe.

Kununua ni kazi ya dakika moja. Kila hatua inayofuata inachuja watu, na wanaofika mezani ni wachache.

Kuna bwana aliwahi kuniandikia akiomba mkono wa kushoto wa mpiga tarumbeta. Fremu yake ilikuwa na kasoro, plastiki haikujaa kwenye kalibu na mkono ukatoka nusu. Kosa langu kabisa. Nilipotazama kumbukumbu za mauzo nikakuta sanduku hilo alilinunua miaka sita nyuma. Hakulalamika. Alieleza tu kwamba ndiyo kwanza analifungua, mwanawe wa mwisho ameanza shule na jioni zimeanza kurudi mikononi mwake. Katika miaka hiyo sita alikuwa amenunua kwangu masanduku mengine manne.

Wapenzi wa visanamu wenyewe huliita rundo la namna hiyo rundo la aibu. Silipendi jina hilo. Bwana yule hakudanganywa na mtu wala hakupoteza fedha zake. Kwa miaka sita alijua kwamba juu ya kabati kuna jeshi linalomsubiri, akasoma historia ya kikosi kile, akawaza rangi za koti na za farasi, akabadili mawazo, akawaza upya. Hayo nayo ni matumizi ya kisanamu, na mbuni asiyeyatambua atatengeneza sanduku kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

Historia nayo inasema hivyohivyo kwa anayeitazama vizuri. Mwandishi wa riwaya H. G. Wells alipochapisha sheria zake za vita vya sakafuni mwaka 1913, hakutengeneza askari wapya. Alitumia askari wa kuchezea waliokuwa wamejaa tayari kwenye vyumba vya watoto wa Uingereza, kwa kuwa kampuni ya William Britain ilikuwa imeanza mwaka 1893 kumimina askari wa madini ya risasi walio wazi ndani, wepesi na wa bei nafuu kuliko wale wazito waliotoka Ujerumani. Miongo kadhaa baadaye ikawa vilevile. Kampuni ya Airfix ilitoa askari wake wadogo wa plastiki kuanzia mwaka 1959, Donald Featherstone akachapisha kitabu chake cha sheria mwaka 1962, na vijana wakatambua kwamba wanamiliki majeshi tayari. Kisanamu kilitangulia dukani, sheria zikafuata.

Sasa, wanunuzi wenyewe. Ninayemheshimu zaidi kibiashara ni yule anayerudi. Mwaka 1989 kampuni ya michezo ya Milton Bradley, ikishirikiana na Games Workshop, kampuni ya Uingereza ya visanamu na michezo ya vita, ilitoa HeroQuest, mchezo wa sanduku wenye visanamu vya plastiki uliouzwa kwenye maduka ya kawaida ya vitu vya watoto. Aliyekuwa na miaka 10 wakati huo sasa yuko katikati ya miaka ya arobaini. Utotoni alikuwa na muda lakini hana fedha, akawa anakodolea macho picha za majeshi kwenye majarida. Leo ana mshahara, ana familia, na jioni zake zinahesabika. Akirudi hanunui sanduku moja. Hununua jeshi zima alilolikosa, na mara nyingi hulinunua usiku, nyumba ikiwa imelala. Nayaona hayo kwenye saa za oda.

Wa pili ni mtu anayenunulia mwingine: mzazi, shangazi, babu. Hajui tofauti ya jeshi hili na lile, na hana haja ya kujua. Anachotaka ni kuambiwa kwamba sanduku hili linajitosheleza na mtoto hatahitaji kitu cha ziada siku ya kwanza. Huyu tunamsahau kwa sababu haonekani kwenye vilabu wala kwenye mashindano, lakini sanduku la kuanzia huishi kwa ajili yake. Watoto wengi huacha baada ya mwaka mmoja au miwili. Si hasara, baadhi yao ndio watakaorudi wakiwa watu wazima.

Kuna wapakaji rangi, ambao kwao kisanamu ndicho mwisho wa safari. Golden Demon, shindano la Games Workshop lililoanza mwaka 1987, linashindaniwa kwa brashi tu, na hakuna anayemuuliza mshindi kama aliwahi kurusha dadu. Hununua kisanamu kimoja kimoja, shujaa aliyechongwa vizuri, kwa bei ambayo mtu anayejenga jeshi zima angeikataa. Wanawake ninaowauzia wengi wako kundi hili, na maswali yao ya kazi ni makali kuliko ya mtu yeyote: mikunjo ya nguo imechongwa kina gani, uso umegawanywa na mshono au la. Halafu kuna wasomaji, wanaojua riwaya zote za ulimwengu wa mchezo na kila vita vya kubuni tangu mwanzo, nao hununua kikosi kimoja cha kuweka rafuni karibu na vitabu.

Mchezaji wa mashindano, ambaye kila mtu humdhania kuwa ndiye mteja mkuu, hununua kwa mahesabu. Sheria zikibadilika na kikosi fulani kikapata nguvu, anakitafuta, kikidhoofika, anakiuza. Sehemu kubwa ya mahitaji yake anayapata kwa wachezaji wenzake, vitu vilivyokwishatumika, na fedha hiyo haimfikii aliyetengeneza. Sauti yake ni kubwa kuliko pochi yake.

Ukifika hapa utashawishika kusema: basi tuachane na mchezo, tuuze visanamu tu. Hapo ndipo watu huanguka, na mfano ulio wazi ninaoujua ni wa Games Workshop wenyewe. Katikati ya miaka ya 2010 kampuni hiyo iliwaambia wanahisa wake, kwenye ripoti ya mwaka, kwamba haifanyi utafiti wa soko na kwamba wateja wake ni watu wanaotaka kukusanya visanamu vyake. Mwaka 2015 iliufunga mchezo wake wa Warhammer wa mapanga na mazimwi, uliokuwepo tangu 1983, ikaleta Age of Sigmar. Sheria zilikuwa kurasa nne, za bure, na pointi zikaondolewa. Kila mtu aweke mezani visanamu anavyovipenda, basi.

Kelele zilizofuata hazikutoka kwa wachezaji pekee. Hata watu ambao najua hawajacheza kwa miaka walikasirika, na mimi mwenyewe ilinichukua muda kuelewa kwa nini mtu asiyecheza aumizwe na kuondolewa kwa pointi.

Pointi ndizo mchezo wake. Usiku, akiwa na karatasi au simu, anapanga orodha ya jeshi. Kikosi hiki pointi 120, jenerali pointi 95, mizinga pointi 200. Anajumlisha, anafuta, anajaribu kuingiza wapanda farasi kwa kumpunguzia jenerali silaha. Kipimo kilichozoeleka kwenye Warhammer 40,000, mchezo wa kampuni hiyohiyo wa vita vya angani vya siku za mbali, ni pointi 2,000, na mtu mwenye pointi 1,750 ana pengo analoliona kila siku. Pengo la pointi 250 ni sanduku moja, au masanduku mawili madogo. Ukiondoa pointi unaondoa pengo, na rundo lake, lililokuwa jeshi ambalo halijakamilika, linageuka kuwa plastiki juu ya kabati. Mtu huyu hanunui ili acheze, lakini hununua kwa sababu mchezo upo, ungali hai, na siku akipata nafasi utampokea.

Pointi zilirudishwa mwaka 2016. Mapato ya kampuni yalikuwa takriban pauni milioni 118 katika mwaka wa fedha ulioishia 2016, na takriban milioni 158 mwaka uliofuata. Pointi peke yake hazikuleta ongezeko lote hilo, kwani uongozi ulikuwa umebadilika, masanduku ya kuanzia ya bei ya chini yalirudi, na kampuni ilianza kuzungumza na wateja wake tena. Lakini yote hayo yalielekea upande mmoja. Desemba 2024 kampuni hiyo iliingia kwenye FTSE 100, orodha ya makampuni makubwa kabisa ya soko la hisa la London.

Kuna wimbi jingine la kujifunza, la miaka ya 2001 hadi 2003, filamu za The Lord of the Rings zilipotoka na Games Workshop ikawa na leseni ya visanamu vyake. Mauzo yalipanda hadi zaidi ya pauni milioni 150 mwaka wa fedha wa 2004, kisha yakaporomoka miaka iliyofuata. Wengi walionunua walikuwa wananunua filamu. Filamu zilipokwisha nao wakaondoka, maana hawakuwa na orodha ya jeshi ambayo haijakamilika.

Wapo wanaojaribu kuhesabu wanunuzi kwa dodoso. Jarida la Wargames, Soldiers & Strategy huendesha uchunguzi mkubwa kila mwaka, na picha inayotoka ni kwamba wanaojibu ni wanaume karibu wote, na wapenzi wa vita vya kihistoria wana umri mkubwa kuliko wa vita vya kubuni. Nauthamini uchunguzi huo na nausoma kila unapotoka. Ila shangazi aliyenunua sanduku la kuanzia hatajibu dodoso la jarida la vita, wala bwana wa mpiga tarumbeta katika ile miaka sita.

Unayemlenga ndiye anayeamua hata mali ghafi. Kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki ni ghali mno kuitengeneza, lakini ikishakuwepo kila fremu hutoka kwa senti chache, kwa hiyo plastiki inataka umati. Visanamu vya metali humiminwa kwenye kalibu za mpira zinazozungushwa kwa kasi, gharama ya kuanza ni ndogo, na ndiyo maana bado unaweza kumpata askari wa Saxony, dola ya Kijerumani ya zamani, wa mwaka 1809 mwenye mkoba sahihi mgongoni. Wanunuzi wake ni wachache, lakini katika wateja wangu wote hao ndio wanaocheza kwa uaminifu zaidi. Wengi hujenga majeshi yote mawili, lao na la adui, ili mgeni akija asikose cha kuchezea. Na waliohamia kwenye printa za 3D hununua mafaili kwa michango ya kila mwezi, wakayarundika kwenye kompyuta kama wenzao wanavyorundika masanduku, kwa kuwa resini, plastiki ya majimaji ya printa hizo, nayo inataka kuoshwa, kukaushwa kwa mwanga na kusuguliwa, na jioni ni zilezile.

Siku hizi kabla ya kuchonga chochote naandika kwanza orodha za pointi, na nahakikisha sanduku moja halitimizi jeshi wala halimwachi mtu mbali nalo. Kwenye fremu naongeza vichwa na mikono ya akiba, kwa sababu mpakaji huvitumia vyote na mpangaji wa orodha huvifikiria vyote. Maelezo ya nyuma ya sanduku namwandikia yule ambaye hatalifungua. Na kalibu za zamani sizitupi. Mkono wa mpiga tarumbeta uliondoka kwa posta kesho yake, nikauongezea na tarumbeta mbili.