Mmweko uliouona ulikuwa saa ngapi?

Kijana mmoja wa mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, aliniandikia: "Shikamoo kaka. Jana saa 8 usiku tukiwa ziwani kuna nyota imewaka ikashinda taa zetu, ikatembea kidogo, ikazima. Ni setilaiti?"

Nikamjibu: "Marahaba. Yaweza kuwa, ila si saa hiyo."

Setilaiti haina taa yake, inaakisi jua. Zile za chini, kilometa 550 hivi, huku kwetu karibu na ikweta huwahi kuingia kwenye kivuli cha dunia. Jua likizama, baada ya saa moja na nusu hivi iliyoko utosini haionekani tena. Kinachowaka utosini saa nane usiku ni kimondo, au setilaiti ya mbali, kilometa 36,000, na hiyo haitembei: inabaki palepale, nyota ndizo zinaipita.

Nikamuuliza walikuwa wameshavuta nyavu mara ngapi.

"Hata bado kaka, ndiyo kwanza tulikuwa tunawasha taa."

Kumbe simu ilionyesha 8, naye akaandika 8. Ilikuwa saa mbili. Jua la Kigoma huzama karibu na saa moja, kwa hiyo setilaiti ya chini ilikuwa bado inapigwa na mwanga.

Ndiyo maana nang'ang'ania saa kuliko kitu kingine. Andika 20:07, kisha toa saa tatu upate UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, 17:07, maana wafuatiliaji wa setilaiti duniani hutumia hiyo. Angalia na tarehe: Jumapili saa nane usiku, yaani 02:00, kwa UTC bado ni Jumamosi 23:00. Na "jana" usiitumie kabisa.

Sekunde nazo zina kazi. Setilaiti hizi hukimbia kilometa 7.5 hivi kila sekunde. Ukikosea dakika moja, umekosea kilometa 450.

Mahali pia. Usiandike "Kigoma", mkoa huu ni mkubwa. Chukua namba za GPS kwenye simu. Paneli bapa ya setilaiti hurusha mwanga kama kioo cha kujitazamia, na doa lake ardhini laweza kuwa jembamba. Enzi za Iridium za kwanza, setilaiti za simu, zilizoanza kurushwa 1997, mtu wa Ujiji angeweza kuona mmweko mkali kuliko Zuhura na mwenzake wa Tabora asione kitu. Nyingi zimeshashushwa, hivyo msiniandikie tena kila mmweko "Iridium".

Mwelekeo, taja nyota: ilipita chini ya Kilimia, kile kishada cha nyota, ikaelekea milima ya Kongo. Mwangaza, linganisha na Zuhura au Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Taa za karabai si kipimo, samahani.

Yule kijana amerudi kwenye orodha ya simu zake. Alikuwa amemaliza kuongea na mama yake mmweko ulipotokea, simu ikakatwa 20:07. Sekunde hatuna. Nimeiandika hivyohivyo, 17:07 UTC, kosa hadi dakika moja, na jina la setilaiti nimeliacha wazi.