Ada Imelipwa, Lakini Mwanafunzi Hajamaliza

Wiki iliyopita nimeulizwa tena, safari hii na mfadhili mmoja, mzee mwenye moyo mwema kabisa: "Mwalimu, si ada tumeshalipa? Huyo kijana anataka nini tena?" Nilimjibu kwa heshima. Hapa naomba nijibu kwa urefu, maana swali hili limenichosha.

Kazi yangu ni kuwasimamia wanafunzi wa uhandisi kutoka familia zisizo na uwezo, hapa Kampala. Wengi ninaowaona wakikwama ada yao imelipwa. Tangu 2014 serikali ya Uganda inatoa mikopo kwa wanafunzi wa elimu ya juu, na mkopo huo hulipa ada ya masomo, ada ndogondogo za chuo na ada ya utafiti. Chakula na malazi havimo. Walioingia kwa nafasi zinazolipiwa na serikali wana afadhali kwa sababu hupewa malazi au posho, ila posho ikichelewa, tumbo halingoji.

Lakini ninalotaka lieleweke ni mafunzo ya viwandani. Wafadhili wakisikia miaka minne ya uhandisi, wanahesabu mihula minane, wanagawa pesa, wanafunga daftari. Muhula wa risesi, ule wa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka wa masomo, hawauhesabu. Pale Chuo Kikuu cha Makerere, risesi ya mwaka wa kwanza ni ya karakana, na ya mwaka wa pili na wa tatu ni ya mafunzo ya viwandani. Ni sehemu ya shahada, ina alama zake, na asiyeifanya hahitimu. Wakati wenzake wa kozi nyingine wamerudi kijijini kulima au wanatafuta vibarua, mwanafunzi wa uhandisi anafanya kazi kutwa bila mshahara. Kampuni ikitoa chakula cha mchana, tunashukuru. Ovaroli, buti na nauli ni juu yake.

Nina daftari la kazi la binti mmoja wa uhandisi wa umeme, lile ambalo msimamizi hutia saini kila siku. Jumatatu, Jumanne na Jumatano zimejaa: michoro ya paneli, vipimo vya nyaya, mwandiko safi. Alhamisi na Ijumaa ni tupu. Wiki inayofuata, vivyo hivyo. Alikuwa anakaa Kikoni, jirani na chuo, kiwanda kiko Namanve, nje ya jiji, matatu mbili kwenda na mbili kurudi, na pesa yake ilikuwa inaishia Jumatano. Msimamizi aliandika kwamba mwanafunzi hana bidii. Karatasi hiyo imo katika faili lake mpaka leo, na atakayeisoma hataona nauli, ataona uvivu.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana hata kwenye daftari. Mwanafunzi wa umeme anatamani kwenda kujifunza Karuma, mbali kaskazini, kwenye bwawa la kufua umeme la megawati 600. Akienda, atalipa chumba huko huku chumba cha Kampala kikiendelea kudai kodi. Kwa hiyo anachagua karakana iliyo karibu badala ya ile atakayojifunza mengi. Miaka miwili baadaye, kwenye usaili wa kazi, anaulizwa amefanya kazi wapi. Umaskini wake umeshamchagulia jibu.

Masomo ya kurudia nitayagusa kwa haraka. Somo la muhula wa pili ukilifeli, kwa kawaida unangoja muhula wa pili wa mwaka unaofuata, na unalilipia upya. Hesabu za mwaka wa kwanza zikikuangusha, masomo yanayozitegemea nayo yanayumba, na wastani wa alama ukishuka chini ya 2.0 kati ya 5 unawekwa kwenye uangalizi. Mara nyingi chanzo ni kompyuta: kijana anangoja mwenzake alale ndipo aazime laptopu achore hadi alfajiri, kisha aingie mtihani.

Hapo ndipo watu huniambia, basi wapeni pesa mkononi. Tunawapa, na bado nina shaka. Anayefika chuo kikuu wa kwanza katika ukoo huwa pia mlipa ada wa wadogo zake. Nimeona pesa ya nauli ikienda kijijini kumrudisha shuleni mdogo aliyefukuzwa. Je, huyo ametumia vibaya fedha za mfadhili? Wenzangu wengine wanasema ndiyo, tulipe mwenye hosteli moja kwa moja. Mimi nashindwa kumhukumu.

Shaka kubwa zaidi ni hesabu yenyewe. Kwa fungu lile lile tunaweza kuwalipia wengi ada tu, au wachache kila kitu, pamoja na miezi ya risesi, Juni, Julai na Agosti. Mimi nimeegemea kwa wachache. Maana yake kila Agosti nawaambia vijana wenye alama nzuri za fizikia na hesabu kwamba hatuna nafasi yao, na baadhi yao hawangehitaji zaidi ya ada. Sina namna ya kuwatambua mapema.