Shangani ipi?

Mama mmoja anayebangua na kufungasha korosho hapa Mtwara alikuja ofisini kwetu na malalamiko mawili. La kwanza, mtandaoni kumejaa watazamaji wasionunua. La pili, hata wale wachache wanaopiga simu hawaeleweki. Nikamwomba anisimulie simu ya mwisho aliyopokea. Mteja alikuwa Mwanza, anataka kilo tano za shughuli. Bei wakapatana vizuri tu, kisha mteja akauliza, "Sasa dada, mzigo ukitoka huko unavuka kwa boti au kwa ndege?" Mama akaona anachezewa akili, akakata simu.

Hakuwa anachezewa. Ukurasa wake uliandikwa "Tunapatikana Shangani, karibuni sana", na mtu wa Mwanza akisikia Shangani anaiwaza Zanzibar, Mji Mkongwe. Nilishuka picha zake zote, moja baada ya nyingine, na neno Mtwara sikulikuta hata mara moja.

Kazi yangu ni kushauri wafanyabiashara wadogo katika taasisi inayowahudumia mikoa hii miwili, na kisa hiki si cha mtu mmoja. Watu wa Mtwara na Lindi hawatangazi kidogo. Wanaposti asubuhi na jioni, wanarusha kwenye makundi ya WhatsApp mpaka wanaondolewa. Shida huja pale mtu akishavutiwa: hajui duka liko wapi, hajui atoe shilingi ngapi, na namba aliyoikuta haipatikani. Inauma kidogo ukikumbuka kwamba neno machinga, ambalo nchi nzima inawaitia wachuuzi, wengi hulihusisha na Wamachinga wa Lindi.

Tuanze na mahali, maana majina yetu tumeshirikiana na pwani nzima. Shangani iko Mtwara na iko Zanzibar. Mikindani iko kwetu na nyingine iko Mombasa. Magomeni na Tandika za Mtwara zinamezwa na zile za Dar es Salaam. Mnazi Mmoja, pale Lindi mnapochepuka kwenda Masasi, ukiutafuta kwenye simu unaweza kuletewa viwanja vya Dar es Salaam au hospitali ya Zanzibar. Mitaa inayoitwa Majengo sitaki hata kuihesabu. Kwa hiyo kila unapotaja mtaa, taja na mji, na mkoa ukiweza: kwenye maelezo ya ukurasa, kwenye kila tangazo, kwenye lebo ya pakiti. Kwako itaonekana kama unarudiarudia. Kwa mtu aliyeko Mwanza au Arusha ndiyo mara yake ya kwanza kusoma.

Baada ya hapo, ramani. Kuisajili biashara kwenye ramani ya Google ni bure. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu wapo wanaopita madukani wakidai "ada ya mwaka ya Google". Kumlipa kijana kwa muda wake akusaidie kujaza fomu si kosa, lakini ada isiyokuwepo ni wizi. Wala hakuna anayeweza kukuuzia nafasi ya juu kwenye orodha ya kawaida ya matokeo, ile isiyo ya matangazo ya kulipia. Google wenyewe wanaeleza kwamba wanaangalia mambo matatu: biashara inahusiana kiasi gani na kilichotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani.

Ukishajaza, watataka uthibitisho, na siku hizi mara nyingi huomba video. Unarekodi bila kukata: unaanzia barabarani ili mtaa uonekane, unapita kwenye kibao chenye jina, unaingia ndani, halafu unaonyesha kwamba wewe ndiye mwenye mamlaka pale, kwa mfano kwa kufungua kufuli au kuingia sehemu ambayo mteja hafiki. Video ya kwanza ya yule mama ilikataliwa. Hakuwa na kibao, jina la biashara lilikuwa kwenye lebo za pakiti tu. Akapeleka ubao kwa fundi wa mabango, na rangi ilipokauka tukarudia asubuhi. Jua limepiga vizuri, kuku wanakatiza mbele ya simu, funguo zinagongana kwenye kufuli, na mjukuu wake anauliza kwa nyuma, "Bibi, unaigiza?" Ikapita, na mjukuu wake ndani.

Jina uliloandika kwenye kibao ndilo uliandike kwenye ramani. Usilibandike "korosho bora bei nafuu Mtwara" kwenye jina ukidhani unajiongezea nafasi. Linakatazwa, na ukurasa unaweza kusimamishwa. Maneno hayo yana mahali pake, kwenye maelezo.

Pini, ile alama inayoonyesha ulipo kwenye ramani, nayo ina vituko vyake. Ukiandika jina la mtaa tu, ramani hudondosha pini inapotaka yenyewe. Kule Kilwa Masoko nimewahi kukuta pini ya nyumba ya wageni imetua baharini. Fikiria mgeni aliyeshuka Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kilwa Masoko, giza limeingia, bando linakaribia kuisha, anaambiwa na simu yake akalale majini. Tiba yake ni ya dakika mbili: badili ramani ionyeshe picha ya setilaiti, tafuta bati lako, ivute pini kwa kidole mpaka juu ya mlango. Kisha andika na anwani. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 iliacha barabara nyingi na majina na nyumba nyingi na namba, ila wafanyabiashara wengi bado wanaandika "nyuma ya mwembe". Ramani hiyohiyo pia inakupa msimbo mfupi wenye alama ya kujumlisha katikati. Mtumie bodaboda msimbo huo, aubandike kwenye simu yake, atakufikia bila kupiga simu mara sita.

Usiye na duka, unayepika au kukaanga nyumbani na kuwapelekea wateja, unaruhusiwa kuficha anwani na kutaja maeneo unayohudumia. Anayeuza mtandaoni tu, asiyeonana na mteja ana kwa ana, ramani haimhusu, na asilazimishe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimebishania semina hadi semina: "Bei njoo inboksi."

Nauliza kwa nini bei inafichwa, naambiwa mshindani asiijue. Mshindani wako anaijua tangu juzi, alimtuma mtoto. Anayefichwa ni mteja. Huyo ana maduka manne mbele yake kwenye kioo, hawezi kuwaandikia wote wanne na kusubiri. Atamchukua aliyeandika bei, hata akiwa ghali kidogo, kwa sababu amejua ajipange vipi. Nawapa washiriki tangazo hili walisome: "Korosho tamu za Kusini zipo, karibuni wateja wetu wapendwa, bei njoo inboksi." Halafu nawapa hili, bei zikiwa za mfano tu: "Korosho, Shangani, Mtwara mjini. Zimebanguliwa, nzima, hazijakaangwa. Nusu kilo Sh 14,000, kilo Sh 27,000. Bei ya wiki hii. Tunatuma mikoani kwa basi, gharama ya mzigo ni ya mteja. Simu na WhatsApp namba hii." La pili halina hata neno moja la kusifia, ila mtu anaweza kununua bila kuuliza swali.

"Bei ya wiki hii" nimeiweka makusudi. Mbangua korosho hawezi kushikilia bei moja mwaka mzima wakati korosho ghafi inauzwa kwa minada ya stakabadhi ghalani, pale wanunuzi wanaposhindania bei ya mzigo uliowekwa ghalani, minada ambayo kwa kawaida huanza mwezi wa 10. Muuza ng'onda na muuza ngisi nao wanajua bahari ikichafuka bei inaenda wapi. Badilisha bei, tia tarehe, hakuna atakayekulaumu.

Na maneno hayo yaandike kama maandishi, yasiishie ndani ya picha. Naona mabango mazuri yamejaa rangi, bei na namba vimezama ndani ya picha, na chini yake kuna vikopakopa vitatu. Namba iliyo ndani ya picha mteja hawezi kuigusa ikapiga. Andika pia kwa maneno ya mteja. Wewe unaita "bidhaa za useremala wa kisasa", yeye anatafuta "kitanda cha mninga Masasi".

WhatsApp ya biashara inatosha kwa wengi kuliko tovuti: ina katalogi ya bidhaa na bei, ina majibu ya haraka kwa yale maswali yanayojirudia. Jambo moja halijulikani sana. Ukituma ujumbe kwa orodha ya matangazo, yaani ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mpigo, unamfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo mteja akishalipa, mwombe aihifadhi hapohapo. Na usiweke picha ya sura yake bila ridhaa, kwani tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Matangazo ya kulipia nitayapita haraka. Chagua eneo unaloweza kulihudumia, anza na kiasi ambacho hakitakuuma kikipotea, hesabu oda na si vidole gumba.

Kinachonisikitisha zaidi ni akaunti zisizo za mwenye biashara. Fundi samani mmoja alimwachia kijana wake afungue kila kitu, kijana akatumia namba yake mwenyewe, baadaye akahamia Dar es Salaam na laini ikapotea. Miaka ya picha na wateja ipo pale, inaonekana, na hakuna anayeweza kuingia. Laini iwe yako, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukipiga *106# utaona namba zilizo kwa jina lako. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na ile namba ya siri inayotumwa usimsomee mtu yeyote, hata akijiita wa Google. Ujumbe wa kitapeli upeleke kwenye namba 15040.

Ukimaliza yote, azima simu ya mtu ambaye hajawahi kufungua ukurasa wako, kwa sababu yako imeshakuzoea na inakupendelea. Andika "korosho Mtwara" au chochote unachouza, pamoja na jina la mji. Ukikuta namba yako ya zamani mahali fulani, kwenye ramani kuna sehemu ya kupendekeza marekebisho, itumie. Halafu piga hiyo namba unayoiona kwenye kioo, uone kama kuna anayepokea.