Je, bakteria wa mtindi hula sumukuvu?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Wanainasa tu.

Sumukuvu inayotajwa zaidi, aflatoksini B1, hutengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2004 iliua watu 125 Kenya, wengi wao Ukambani. Ng'ombe akila pumba zenye kuvu, mwili wake huigeuza kuwa aflatoksini M1, nayo hutoka na maziwa. Kuchemsha hakuiondoi.

Ndipo mtindi unaposifiwa kwamba bakteria wake "huimeng'enya" sumu hiyo. Dhana yenyewe inaingia akilini, maana bakteria wana vimeng'enya, na vimeng'enya vingi hukatakata kemikali. Lakini mwaka 1998 watafiti waliokuwa Finland walimchanganya Lactobacillus rhamnosus GG, bakteria anayetiwa kwenye baadhi ya mtindi, na maji yenye aflatoksini B1, na sehemu kubwa ya sumu ikapotea majini. Wakajaribu na bakteria waliouawa kwa joto. Maiti nazo zikafanya kazi, tena vizuri! Kimeng'enya kikichemshwa huharibika, kwa hiyo si chenyewe kilichohusika.

Kinachohusika ni ukuta wa seli. Pita porini umevaa kanga, utatoka umejaa vishonanguo. Kanga haihitaji kuwa hai ili vinase, na ikikwaruzwa ikawa na nyuzi nyuzi ndiyo vinashika zaidi. Joto huufanyia ukuta wa bakteria jambo kama hilo. Ila vishonanguo hubanduka. Sumu nayo, bakteria wakisuuzwa, baadhi yake hurudi majini ikiwa nzima. Ndiyo maana matokeo ya kwenye chupa za maabara hayatoshi kuahidi kitu kuhusu tumbo la mtu.

Jenomu ya GG, yaani maelekezo yake yote ya urithi (tangu 2020 jina lake ni Lacticaseibacillus, refu kuliko yeye mwenyewe), ilichapishwa 2009: herufi kama milioni 3, jeni karibu 3,000. Ukitafuta humo "jeni ya kunasa sumu" utachoka bure, kwa sababu ukuta hujengwa na jeni nyingi kwa pamoja. Na hata jeni ya kimeng'enya ikionekana, huenda imelala tu.

Kusoma jenomu kunalipa zaidi kwa okratoksini A, sumu ya kuvu ipatikanayo kwenye nafaka na kahawa. Hiyo hukatwa kweli: vimeng'enya vya jamii ya karboksipeptidesi huigawa vipande viwili. Kimoja kina sumu hafifu mno. Cha pili ni fenilalanini, kirutubisho kile kile kilichomo kwenye maharage na nyama.